Mstari wa Papa Damascène

Wahenga walipotuachia ile methali ya mtaka cha mvunguni, hawakusema kwamba aliyesoma amesamehewa. Hilo tumejiongezea wenyewe, tukidhani kwamba mkono ukishashika kalamu, mgongo hauna kazi tena. Victorine Byukusenge naye alidhani hivyo, wala msimwone mjinga, kwani alikuwa na shahada mbili za uhandisi na akili kali kama wembe.

Alichokitamani usiku na mchana ni nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha ng'ambo, achunguze jinsi milima ya kwao Masisi inavyoporomoka mvua zikizidi. Mara ya kwanza aliomba akiwa Goma. Alijaza kurasa kumi na mbili za hesabu tupu. Jibu la Profesa Geneviève, aliyekuwa akitafuta mwanafunzi, lilikuwa la upole lakini lilimchoma: "Utafiti huu unaweza kuwa wa mlima wowote duniani. Tuletee vipimo ulivyochukua mwenyewe. Tutapokea maombi tena Januari." Victorine alilia, akajipangusa, akapanda pikipiki kurudi kijijini Kalembe kwa mama yake. Mashine za kupimia mlima hakuwa nazo, na miezi iliyobaki ilikuwa minne.

Mama Thacienne alimpokea kwa sombe, yaani kisamvu, na viazi, bila maswali mengi. Asubuhi yake walipanda shambani, binti akiwa na daftari na viatu vyeupe. Katikati ya mteremko palikuwa na safu ndefu ya miti ya kupandishia maharagwe, nayo ilikuwa imelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo iliyolemewa. "Maskini, macho ya mama yameanza kuchoka," Victorine alijisemea kwa huruma. Akaushika mti mmoja, akaanza kuutikisa ili aung'oe na kuuchomeka panaponyooka.

"Acha! Usiing'oe!" Mama alikuja mbio, jembe mkononi. Victorine hakuwahi kumsikia akipaza sauti hivyo.

"Mama, iko imepotoka. Nilitaka tu kuinyoosha."

"Haikupotoka, mwanangu. Papa yako njo aliipanda, ile mwaka ulianza université. Alivuta kamba toka ku lile jiwe mpaka ku lile lingine. Ilikuwa sawa kabisa. Mulima njo inatembea."

Mlima ndio uliotembea na miti, kwani ilichomekwa mibichi, ikashika mizizi. Damascène, baba yake Victorine, alifariki mwaka uliofuata, na mjane wake alivuna maharagwe msimu baada ya msimu bila kuigusa, maana hiyo ndiyo kazi ya mikono ya mumewe iliyobaki imesimama. Victorine aliyatazama yale majabali mawili, ambayo tangu utoto wake hayakuwahi kusogea, kisha akaitazama miti iliyoteremka kati yake. Miaka minane ya mwendo wa mlima ilikuwa imeandikwa pale, na yeye nusura aifute kwa mkono wake.

Siku hiyo hiyo alifunga kamba kutoka jabali hadi jabali, akaanza kupima kwa utepe wa fundi cherehani, umbali kutoka kwenye kamba hadi kwenye kila mti. Alipima akiwa amesimama wima, usawa wa kifua, viatu vikiwa safi. Baada ya siku tatu hesabu zilimshinda: mti ulioteremka jana, leo ulikuwa umepanda! Akaketi, akashika tama. Mama akacheka hadi akafuta machozi.

"Unapima kichwa ya muti. Kichwa inachezaka na upepo, na maharagwe inaivuta. Pima fasi inaingia mu udongo."

"Mama, pale chini kuko matope."

"Njo pale mulima inatembea. Inama."

Akainama. Miti ilikuwa sitini na miwili, na kila Jumamosi ya msimu wa mvua Mama alishika kamba huku binti akitambaa kwa magoti toka mti hadi mti. Viatu vyeupe vilikufa wiki ya kwanza. Mgongo ulimuuma hata akaelewa karo yake ilikuwa imetoka wapi. Jioni moja alipasha maji, akamkanda mama yake kiunoni kwa kitambaa. "Leo umejua," Mama akasema. Kufikia Desemba hesabu zilinyooka: miti ya katikati ilikwenda mbio kuliko mingine, na mbio hizo ziliongezeka kila baada ya mvua kubwa. Januari ilipoingia, Victorine akaituma kazi yake.

Kabla mwezi haujaisha, Profesa Geneviève alimpigia simu kumhoji. Victorine aliipokea kileleni, penye mtandao, Mama akimshikia mwavuli.

"Ulitumia mashine gani?" profesa aliuliza kwa Kifaransa.

Aibu ilimjia, ikapita. "Kamba, utepe wa cherehani, na mstari alioupanda baba yangu. Mama ndiye aliyenionyesha pa kupimia."

Profesa akapaza sauti: "Vipimo vya miaka minane! Lakini ukija huku, nani ataendelea kupima?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Mama akamvuta mkono. "Anauliza nini?" Victorine akamfasiria.

"Mwambie miye. Mugongo yangu inajua njia."

Barua ya kukubaliwa ilifika kwenye simu wiki tatu baadaye, siku ya Jumamosi. Victorine aliteremka kutoka kileleni akikimbia, akipiga kelele, "Nimepata, Mama! Wamenikubali!" Alimkuta Mama Thacienne kwenye mti wa kwanza, utepe shingoni, ameshaanza bila yeye. Mama aliinua uso uliolowa machozi, lakini mgongo hakuunyoosha.

"Mungu ni mwema. Kuja basi, shika kamba, kungali miti sitini na moja."

Victorine akapiga magoti kando yake, palepale matopeni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.