Wino Haujui Kama Kuna Harusi

Mwanamke mmoja alikuwa na muhuri, na muhuri ule ulijulikana mjini kuliko yeye. Jina lake Mwantumu binti Shabani. Kwa miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya dirisha la vyeti katika ofisi ya wilaya: vyeti vya waliozaliwa, vya waliooana na vya waliokufa, vyote kwa muhuri mmoja na wino uleule wa zambarau, kwa kuwa serikali haikuona sababu ya kubadili rangi kwa ajili ya furaha wala msiba. Watu walipofika dirishani walitazama mkono wake. Mkono ukishuka, waliushukuru mkono, wakaenda zao. Uso ulibaki pale kama picha ya ukutani ambayo hakuna anayekumbuka ilitundikwa na nani.

Alikuwa na sheria moja tu iliyokuwa yake mwenyewe. Waraka wa muhuri, wenye kurasa saba, ulieleza muhuri ushikwe vipi, ufungiwe wapi, na ufunguo wa kabati ukae na nani siku ambayo mwenye kabati anaumwa. Juu ya kukauka kwa wino haukusema neno. Hilo alilijua Bi Mwantumu. Mtu akikunja cheti upesi, wino mbichi hujipiga upande wa pili; mtoto mmoja huondoka na mihuri miwili, na ofisi nyingine zikamkataa kwa yote miwili. Basi kila aliyenyakua karatasi alisikia sauti ikitoka dirishani: "Usikunje. Soma kwanza majina yote, polepole, hadi mwisho." Wapo waliolalamika kuwa gari linaondoka. Wapo waliosema kuna mkubwa fulani anawasubiri nje. Aliwapa wote jibu moja: "Wino haujui kama una haraka."

Yeye mwenyewe aliwahi kuolewa, akiwa na miaka kumi na tisa. Posa Jumatatu, ndoa Alhamisi, na baada ya miezi minne alirudi kwao na sanduku lilelile alilotoka nalo. Hakulisema tena jambo hilo. Mji nao, ambao husahau mambo machache sana, ulimsaidia kulifunika kwa kumpa jina la Bi Muhuri.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na nane, na kuna mtu aliyekuwa amemtazama.

Mtu huyo alikuwa Hemedi Kilua, fundi saa. Alifika dirishani kuchukua cheti cha kifo cha mkewe. Aliambiwa asome majina yote, akayasoma yote, kisha badala ya kuutazama muhuri akainua macho akamtazama aliyeupiga. "Pole na kazi," akasema, akaondoka. Ilimchukua miaka miwili kutuma posa, na hakuna aliyethubutu kumwambia fundi saa kuwa hajui wakati.

Ndoa ikapangwa Ijumaa. Bi Mwantumu akajaza fomu ya kuomba likizo. Fomu ilitaka iambatane na cheti cha ndoa. Cheti kilitoka dirishani kwake baada ya ndoa. Na ndoa ndiyo iliyoombewa likizo. Fomu hiyo alikuwa amewarudishia watumishi wenzake wengi, miaka mingi, kwa uso mkavu. Safari hii alicheka hadi akashika meza, na penye nafasi ya kiambatanisho akaandika: "Kinakuja."

Siku sita kabla ya harusi alifika Saumu, binti wa kaka yake, mpambaji wa maharusi, na kichupa kidogo cheusi. Kilikuwa na wanja wa maji, wenye brashi nyembamba kama sharubu la paka. Wanja wa unga Bi Mwantumu aliujua tangu utoto: unachovya kijiti, unakipitisha ndani ya jicho, unafumba, unakivuta, unafumbua, kazi imekwisha. Huu wa maji haukuingia ndani ya jicho. Ulikaa juu yake, mstari mmoja kwenye ukingo wa kope, na mkia mdogo ukipanda pembeni. Alipouona kwenye jicho la Saumu, moyo ulimruka kama wa msichana.

"Nitajipaka mwenyewe," akasema.

"Bi harusi hajipambi, Shangazi. Hata daktari wa meno hajing'oi."

"Miaka yote nimewaandikia watu maisha yao. Haya yangu niachie."

Hakusema yaliyobaki. Mtu mmoja tu alikuwa ameutazama uso wake katika miaka ishirini na sita, na Ijumaa mtu huyo angeingia chumbani autazame tena. Kama angeukuta uso uliochorwa na mkono wa mwingine, angekuwa ameposa mmoja akaoa mwingine. Na kama angeukuta umechafuliwa na mkono wake mwenyewe, basi mkono ule ungekuwa ni uleule wa miaka kumi na tisa, uliokurupuka na kuharibu.

Saumu akamfundisha. Kiwiko juu ya meza, mkono usiyumbe. Kioo kilazwe chini, macho yakitazame kwa kuinama, ngozi isivutwe. Vidoti vitatu kwanza, kisha viunganishwe kwa vipande vifupi vifupi. Mkia mwisho. Bi Mwantumu alifuata kila neno kama waraka, na mstari ukatoka. Ukatoka mwembamba, mweusi, umenyooka! Akafurahi mno, na kwa furaha ile akafumbua macho yote mawili ajione. Ukope ukajikunja, wino mbichi ukagonga juu, na pale palipokuwa na mstari mmoja pakawa na miwili.

"Shangazi, umepiga muhuri!" Saumu akaanguka kitandani kwa kicheko.

Bi Mwantumu hakufuta. Alifanya kama wafanyavyo watu wazima wenye heshima zao: aliongeza wino ili kosa lionekane ni nia. Jicho la kulia likanenepa. La kushoto likabaki nyuma, akaliongeza lilifikie. Likapita. Akalirudia la kulia. Hadi adhuhuri alikuwa, kwa maneno ya Saumu, kama mtu aliyepigwa ngumi na watu wawili wasiofahamiana.

Jumapili hivyo. Jumatatu hivyo. Mstari ulitoka vizuri zaidi kila siku, na kila siku furaha ikamfumbua macho kabla ya wakati. Jumanne wanja ulikataa kutoka kwa mafuta ya nazi na pamba, akaenda kazini na vivuli viwili vya kijivu. Mkubwa wake akamwita ofisini, akafunga mlango, akazunguka maneno kwa muda mrefu, na mwisho akauliza kwa upole kama bwana harusi ameshaanza mambo yake. "Tuna dawati la malalamiko, Bi Mwantumu. Ila fomu zimekwisha."

"Nimejipiga mwenyewe, bosi," akajibu.

Mkubwa akafikiri kidogo. "Hiyo sasa haina fomu kabisa," akasema.

Jumatano alifika bibi mmoja kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Muhuri ukashuka. Bibi akaivuta karatasi na kuanza kuikunja palepale.

"Usikunje, mama. Soma majina kwanza."

"Gari langu hilo linaniacha, mwanangu."

"Wino haujui kama una..."

Akanyamaza. Mkono ukabaki hewani na muhuri. Bibi akamtazama. "Haujui nini?" Nyuma kwenye foleni mtu akapaza sauti: "Maliza basi, mama! Leo muhuri umeshikwa na kigugumizi?"

Bi Mwantumu alikuwa ameona. Ukope ni karatasi inayojikunja yenyewe. Miaka ishirini na sita aliwaambia watu wa wilaya nzima jambo moja, hakuna siku ambayo hakulisema, na hakuwahi kulisikia. Akacheka kwa sauti. Akageuza kibao kilichoandikwa NARUDI PUNDE, ambacho tangu kitengenezwe hakikuwahi kusema kweli, akakimbia chooni na kichupa chake.

Akaegemeza kiwiko kwenye sinki. Vidoti vitatu, vipande vifupi, mkia. Kisha akabaki macho chini. Moyo ulimdunda: fumbua, fumbua uone! Hakufumbua. Akasoma majina, kama alivyowaambia wengine wasome. Kwa kuwa hapakuwa na cheti, alisoma kile ambacho hakijaandikwa bado: Mwantumu binti Shabani bin Mkufya. Hemedi bin Salehe bin Kilua. Akasita kidogo hapo, maana hakuwahi kuyasikia majina yale yakifuatana. Akayarudia hadi mwisho. Alipofumbua, mstari ulikuwa mmoja.

Aliporudi dirishani, kibao kikiwa kimetimiza ahadi yake, foleni nzima ikamtazama usoni. Hakuna aliyetazama mkono. "Kumbe ana macho huyu!" akasema yule aliyetania kigugumizi. Na bibi mwenye mjukuu, ambaye gari lilikuwa limeshamwacha, alikuwa amesoma jina la mtoto mara tatu, na karatasi yake ilikuwa kavu, safi, haina doa.

Ijumaa ikafika. Wanaume walikuwa msikitini. Wanawake walijaa uani na ukumbini, sufuria zinachemka, watoto wamevishwa viatu vinavyowabana. Bi Mwantumu aliketi chumbani na kioo chake. Jicho la kulia likaenda vizuri. La kushoto likaenda vizuri, ila mkia wake ukatoka mfupi kidogo kuliko mwenzake. Wino ulikuwa bado unang'aa kwa ubichi pale vigelegele vilipopasuka nje.

"Kaolewa! Mwantumu kaolewa!"

Mlango ukasukumwa na shangazi zake bwana harusi, majirani, na wengine ambao hakuna aliyewaalika. Saumu akaruka. "Shangazi, fumbua! Bwana anakuja! Fumbua ujione ulivyo!"

Kila kitu ndani yake kilitaka kufumbua. Furaha ilimpanda kutoka miguuni ikamfika kooni. Alitaka kuona zile nyuso, zile kanga, mlango ule ambao sasa hivi angepita mtu mmoja. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akabaki macho chini.

"Ana haya huyo!" wakasema wanawake. "Mtazameni, kama ana miaka kumi na tisa!"

Hakuwa na haya. Akiwa na miaka kumi na tisa aliyafumbua.

"Shangazi, wanakuambia fumbua!"

"Wino haujui kama kuna harusi," akasema Bi Mwantumu.

Akaanza kusoma. Midomo ilicheza bila sauti, na wanawake wakadhani ni dua, na labda hawakukosea. Mwantumu binti Shabani bin Mkufya. Hemedi bin Salehe bin Kilua. Sasa hayakuwa majina ya kujifunzia. Yalikwisha kuwa kweli, dakika chache nyuma, mbele ya mashahidi. Alipofika jina la mwisho alisikia kiganja kikitua kwenye paji la uso wake, kama ilivyo desturi, kiganja chepesi cha mtu aliyezoea kushika vitu vidogo. Akafumbua.

Hemedi akamtazama. Hakuwa na haraka. Alitazama kama alivyotazama siku ile dirishani. Mstari kulia ulikuwa mmoja, na kushoto mmoja. Saumu ndiye hakuvumilia. Aliuona ule mkia mfupi, akachomoa brashi kifuani, akanong'ona: "Shangazi, niongeze kidogo tu, ilingane."

"Acha, binti yangu," akasema fundi saa. "Mishale ya saa ikilingana urefu, nani atajua ni saa ngapi?"

Vigelegele vya safari hii vilisikika hadi ofisi ya wilaya, ambayo ilikuwa imefungwa.

Cheti chao kiliandikwa Jumatatu. Waraka, kwenye ukurasa wa tano, unamkataza mtunza muhuri kupiga muhuri karatasi yake mwenyewe, hivyo mkubwa wake alishuka akaupiga, ukakaa upande, akaomba radhi. Bi Mwantumu hakuomba upigwe wa pili. Alikichukua cheti, akasogea ubavuni kwa Hemedi, nao wawili wakasimama dirishani, upande wa nje, wakasoma majina yote polepole hadi mwisho, na ndipo wakakunja.

Na ninyi mnaonisikiliza, mliofumbua macho mapema ili muione furaha yenu: ule mstari wa pili mmeufuta, au hadi leo mnaongeza wino?