Mahali Ambapo Mwalimu Hakukanyaga

Mtu mmoja alikuwa na miguu imara na kifaa kidogo cha GPS cha kushika mkononi, na kwa vitu hivyo viwili aliwachorea watu ramani ya milima yao bure. Jina lake Mbonea. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na minne huko Upare, akastaafu, na kama ilivyo kwa walimu wengi, kustaafu hakukumfundisha kunyamaza. Aliziona ramani zilizokuwepo, akazisikitikia. Zilichorwa na watu walioitazama milima kwa mbali. Zilikuwa na barabara kubwa na majina ya vijiji, nusu ya majina hayo yamekosewa. Njia ambayo mama hupita na mtoto mgongoni kwenda kliniki haikuwemo. Chemchemi hazikuwemo. Akasema moyoni mwake kwamba kazi hiyo ni yake.

Kila asubuhi, akishamaliza chai, alitoka. Alipotembea, kifaa kilihifadhi mapito yake hatua kwa hatua, na aliporudi aliyahamishia kwenye kompyuta, juu ya vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na setilaiti. Kwa vipimo hivyo alichora kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, mtu anaweza kupita huku akiimba. Lakini Mwalimu aliujua udhaifu wa setilaiti. Ikitazama msitu haioni ardhi, inaona vichwa vya miti. Na miti ya bondeni hurefuka ikilitafuta jua, mpaka vilele vyake vinalingana na vya miti iliyo kingoni, hata korongo la kutisha huonekana kutoka angani kama uwanja wa mpira. Kwa hiyo kila penye msitu aliingia mwenyewe, akapima kwa miguu yake, akasahihisha. Aliitia kila ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba waliyoyachimba mababu. Alilitia kila daraja la magogo, na kila jiwe linaloteleza wakati wa mvua. Kazi hiyo aliifanya miaka sita, na viatu alivyovimaliza hakuna aliyevihesabu.

Ramani ikawa nzuri, na mtu yeyote aliweza kuipakua na kuitia kwenye kifaa chake. Wafuga nyuki waliitumia, na mafundi wa mabomba ya maji, na wageni wapanda milima. Walimwandikia kumshukuru kutoka mbali. Wakasema hawajapata kuona ramani isiyo na tundu kama ile. Mwalimu alisoma maneno hayo, akayasoma tena, na kichwa kikaanza kumvimba kidogo, kama ambavyo kingemvimba yeyote kati yetu.

Maana tundu lilikuwepo. Kati ya kijiji cha Kizanga na kijiji cha Mbaheni palikuwa na msitu wa ukoo mmoja, ambao watu wa ukoo huo peke yao huingia, tena kwa siku zao na kwa mambo yao. Wengine wote huzunguka. Msitu huo uliangaliwa na mtu wa makamo aitwaye Kiondo, fundi wa pikipiki, ambaye ukimwona na mikono yake yenye grisi usingedhani amekabidhiwa jambo zito. Mwalimu alimwendea akaomba ruhusa aingie apime. Kiondo alimwamkia kwa heshima, akamwekea kigoda, akamjibu kwamba haiwezekani, azunguke tu kama wenzake. Mwalimu hakushindana naye. Alishukuru, akazunguka. Mpaka hapo hakuwa amekosa.

Kosa lilianza alipokaa mbele ya kompyuta akaliona lile doa jeupe katikati ya kazi yake. Lilimkera. Lilimtia aibu, kama mwalimu aliyeulizwa swali na darasa zima likangoja. Aliona watu watasema, kumbe naye hakufika. Akaichukua mistari ya setilaiti ilivyo, bila kuisahihisha, akailainisha ikapendeza. Kisha akakumbuka kwamba upande wa Kizanga aliona njia nyembamba ikiingia msituni, na upande wa Mbaheni aliona njia nyembamba ikitoka. Akaziunganisha kwa nukta nukta, njia moja iliyonyooka vizuri. Alijiambia kwamba anauficha msitu. Kwamba doa jeupe lingewatia watu hamu ya kuchungulia. Ilikuwa sababu nzuri, lakini haikuwa sababu yake. Roho ilimsuta siku mbili tatu, kisha ikazoea, na ramani ikawa haina tundu.

Mwaka uliofuata zahanati ya Kizanga ilipata nesi mgeni, Yunisi, msichana wa Dodoma aliyekulia nchi tambarare. Milima ilimtisha mwanzoni. Mwalimu alimtilia ramani katika kifaa cha GPS kilichoachwa pale na mradi wa chanjo, akamwelekeza namna ya kuisoma, na Yunisi akawa mwanafunzi hodari kuliko wote aliowahi kufundisha. Miezi minne alipanda na kushuka peke yake na begi lake la dawa. Kila ramani iliposema pana chemchemi, alikunywa maji. Iliposema daraja limeoza, lilikuwa limeoza kweli. Vijiji vya juu ambavyo havikuwahi kuona nesi mlangoni vilimzoea kabisa, na wanawake wa Mbaheni wakaanza kumwita mwanetu.

Asubuhi moja zilimfikia habari kwamba mama mmoja wa Mbaheni ameshikwa na uchungu na damu inamtoka. Kuzunguka msitu ni mwendo wa saa tatu. Yunisi alitazama kifaa chake. Aliiona njia ya nukta nukta, na mistari ya kontua iliyoachana kwa upole, mwendo wa dakika arobaini. Alijua msitu ule haupitwi ovyo; alikuwa amesikia. Lakini akafikiri kwamba kama pana njia ramanini, basi Mwalimu amepita, na kama Mwalimu mwenyewe amepita, nesi aendaye kuokoa mtu atasamehewa. Hakuwa na sababu ya kuishuku ramani. Haikuwa imemdanganya hata mara moja. Akaingia.

Adhuhuri mtu alikuja kutoka Mbaheni akikimbia, akauliza nesi yuko wapi. Wakajua hakufika. Likapigwa baragumu, lile linalowaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwenda kuzibua mifereji, na watu wakaja na majembe wakidhani wanaitiwa kazi ya maji. Nyayo zake ziliwafikisha ukingoni mwa msitu, na hapo wote wakasimama. Kiondo alipita mbele yao. Kisha alivua kofia, akasema maneno machache ya kwao kuelekea kwenye miti, akawapungia mkono waingie. Mwalimu akaingia pamoja nao. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Njia ya Kizanga iliwapeleka hatua mia mbili hivi, ikaishia kwenye uwazi mdogo ambapo wenye ukoo hufanya mambo yao na kurudi walikotoka. Haikuendelea popote. Ile ya Mbaheni ilikuwa njia nyingine, yenye uwazi wake na shughuli yake. Kati ya njia hizo mbili palikuwa na korongo. Mwalimu alisimama ukingoni, ameshika kifaa mkononi. Kifaa kilimwambia kwamba yuko kwenye mteremko mpole, na mbele ya ncha za viatu vyake palikuwa na jiwe lililokatika kwenda chini, urefu wa minazi miwili. Akaketi chini mbele za watu wote.

Yunisi walimpata kwenye jiwe lililojitokeza nusu ya kina cha korongo. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na midomo ilikuwa imemkauka kwa kuita. Walimfunga kwenye machela ya miti na khanga, wakampandisha taratibu. Walipomfikisha juu alimwona Mwalimu. Mwalimu alingoja atukanwe, angeona nafuu kutukanwa. Yule msichana alimtazama bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka tu kuelewa, akasema, "Mwalimu, ungepaacha peupe, ningeuliza njia."

Wakambeba wakaenda naye.

Mtoto wa Mbaheni alizaliwa mikononi mwa majirani. Yeye na mama yake walipona, kwa rehema tu. Msiniambie basi kwamba mambo yaliisha salama. Mguu wa Yunisi uliunga vibaya. Leo anafanya kazi dirishani pale zahanati, anatoa dawa, anaandika kadi, na mlimani hapandi tena. Hajapatikana nesi mwingine wa kupanda. Akina mama wa Mbaheni huteremka wenyewe wakati wao ukikaribia, na wanaozidiwa hubebwa kwa machela, ule mwendo wa saa tatu. Miongoni mwa wabebaji yupo mzee mmoja wa miaka sitini na mitano ambaye hukataa kupokewa mpaka wafike.

Kuhusu ramani, Mwalimu aliifungua akaifuta njia ile ya nukta nukta. Akaifuta na mistari yote ya msitu ule. Alidhani kazi imekwisha. Lakini alipotaka kufunga kompyuta mkono ulikataa, akaanza kuipitia ramani nzima kipande kwa kipande, akijiuliza mbele ya kila mstari: hapa nilikanyaga? Ilimchukua majuma matatu. Alipata mahali pengine saba. Bonde moja alilolichora siku ya mvua akiwa barazani. Kilele kimoja alichoelezwa na mfuga nyuki. Njia moja ambayo aliipita kweli, lakini zamani, alipokuwa kijana, na hakurudi kuitazama. Hakuna aliyeumia mahali pote hapo, wala hakuna aliyejua. Alipafuta pote saba.

Ramani mpya ikatoka na madoa meupe manane. Watu waliomsifu wakamwandikia tena. Mmoja aliuliza kama ameugua. Mwingine alisema kazi nzuri imeharibiwa, akaenda kutafuta ramani ya mtu mwingine, iliyojaa mistari toka pembe hadi pembe. Mwalimu alisoma, akaumia. Nisiwafiche, aliumia sana, maana kusifiwa alikuwa anakupenda. Hakurudisha hata mstari mmoja.

Na sasa hutokea jambo dogo pale Kizanga. Mgeni hupanda akifuata kifaa chake mpaka afike ukingoni mwa weupe, na hapo husimama. Hukigeuza kifaa, hukipiga piga, hutazama kushoto na kulia. Kisha, kwa kuwa hana la kufanya, huipigia hodi nyumba ya mwisho. Hukaribishwa, hupewa maji ya kunywa, huambiwa azunguke na sababu ya kuzunguka, na mara nyingine mtu wa nyumba ile huchukua fimbo akamsindikiza hadi njia panda. Siku moja aliyepiga hodi alikuta mwenye nyumba naye hana hakika kama njia ya chini imekauka baada ya mvua. Wakaenda wote wawili kumuuliza Kiondo, na Kiondo akaacha pikipiki ya watu imefunguliwa, akaenda nao kutazama.

Basi ninyi mliokaa hapa, wazazi, walimu, viongozi wa dini, na mimi niliyesimama mbele yenu, ambao kila siku tunaulizwa njia na watu wanaotuamini kwa sababu hatujawahi kuwadanganya: mara ya mwisho tulipomjibu mtu kwamba hapo sipajui, ilikuwa lini?