Mkuku Uliokuwa Boriti

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kijiji kimoja kando ya mto Dijla wa Iraki, chini kidogo ya mji wa Wasit, palikuwa na fundi wa vyombo akiitwa Mihran. Alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, na kazi ya mikono yake ilisifiwa mto mzima. Mauti yalipomkabili alimwita mwanawe wa pekee, Zurara, akawaamuru wengine watoke.

"Mwanangu," alisema, "ile mashua unayopatia riziki, mkuku wake si wetu."

Mkuku, kwa asiyejua mambo ya vyombo, ni ule mti mrefu wa chini ambao mbao zote zimefungwa kwake. Chombo bila mkuku ni kuni.

Mihran akaeleza kwa pumzi za shida. Miaka kumi na moja nyuma, jirani yao Hakam alipokwenda Hija alimwachia amana gogo la msaji, mti alioutaabikia ili uwe boriti ya nyumba yake. Hakam akafia njiani. Mjane wake, Rumaitha, alipokuja kuuliza, Mihran alimjibu, "Mumeo aliuchukua mwenyewe kabla ya safari. Labda aliuuza." Maskini mama wa watu akarudi kwake, akaezeka kwa vijiti vya mtoni. Mwaka wa tatu ikaja mvua kubwa, dari la udongo likaporomoka, likamuua mwanawe Budail usingizini. Mihran alikuwa mmoja wa waliomfukua, na jeneza alilibeba kwa bega lake.

"Nitakie radhi kwake," alisema, na baada ya hapo hakuwahi kutamka ila shahada.

Basi tazameni, ndugu zangu. Huyo ni mtu wa safu ya kwanza, na sisi wa safu ya tatu tunajiona tumeshafika.

Zurara alikaa matanga siku tatu. Alijua aliyoyajua kila mwanafunzi wa chuoni, kwamba haki ya Mungu Mungu huisamehe apendapo, lakini haki ya mja ina mwenyewe. Baba yake yuko kaburini, na ufunguo uko kwa mwanamke anayesaga shayiri nyumba ya tano.

Mkewe Lubaba alikuwa na watoto watatu wa kulisha. Akamwambia, "Wewe hukuiba. Mpe mti mwingine mfano wake, hakuna mwanachuoni atakayekulaumu. Ukiung'oa mkuku, baba watoto, tutakula nini?"

"Usemayo ni kweli. Lakini mwenye haki ndiye wa kuchagua."

"Basi nenda. Ila usiniambie nifurahi."

Akaenda. Alimweleza Rumaitha yote, hakuficha hata ule uongo wa baba yake. Mkono wa mama yule ukasimama juu ya jiwe la kusagia.

"Kwa hiyo Hakam hakuuuza?"

"Hakuuza, Ummu Budail."

"Miaka kumi na moja," akasema. "Kila nikimwombea rehema, katikati ya dua ulimi unageuka, namlaumu. Nilisema ameuza dari la mwanangu."

Zurara akamtajia mti mwingine, mpya na mnyoofu, ambao angeununua kwa mapato ya mashua. Akajibu, "Nataka mti wangu."

"Na baba yangu, utamsamehe?"

"Nimesema nataka mti wangu."

Zurara akaipandisha mashua ukingoni, akaiegemeza kwa magogo kila upande, akakwangua shahamu iliyopakwa chini yake, akaanza kukata kamba zilizoshona mbao kwenye mkuku. Kamba zile walizifunga wawili, yeye na baba yake. Akakumbuka kwamba Mihran alikuwa akisema Bismillahi kila akikaza fundo, naye akijua mti ni wa nani. Hapo Zurara alilia sana. Wapita njia wakamtania: "Zurara, wenzio huziba matundu, wewe unayafungua?" Aliendelea kukata, maana angewajibu angelazimika kumtaja baba yake.

Siku ya nne mkuku ukatoka. Mbao za ubavuni zikafunguka, mashua ikalala. Moyoni alikuwa na tumaini dogo, kwamba akishaurudisha mti atatafuta mwingine hafifu, aitengeneze mashua yake polepole. Wakaubeba yeye na majirani wawili hadi kwa Rumaitha, wakaupandisha ukutani. Haukufika. Mihran alikuwa ameukata ncha zote mbili ili uenee mashua, na sasa ulipungua dhiraa mbili kutoka ukuta hadi ukuta.

Zurara akaketi vumbini. Rumaitha akautazama mti, umejaa matundu ya kamba na weusi wa maji.

"Hata huu," alisema, "haukunifikia mzima."

Mti mkavu na mnyoofu aliobaki nao Zurara ulikuwa mmoja tu, mlingoti wa mashua. Lubaba alipomwona anaushikia msumeno aliingia ndani, akafunga mlango. Zurara akaukata. Akazichonga ncha za mkuku na kile kipande mshazari, akazilaza moja juu ya nyingine, akapigilia vigingi vya mti, akazungushia kamba ya lami. Lakini kiungo kinachobeba udongo hakiaminiki peke yake, kinataka nguzo chini yake. Akapima, akaweka alama sakafuni.

"Hapo ndipo alipokuwa akilala mwanangu," Rumaitha akasema.

"Naweza kuisogeza kidogo, mama."

"Hapana. Iache hapo hapo. Laiti ingekuwapo."

Nyumba ikaezekwa. Rumaitha hakusema ahsante wala hakusema nimesamehe. Mbao za mashua ziligeuka kuni kweli, na Zurara akawa mchukuzi wa magunia bandarini Wasit, mtu aliyekuwa akiitwa nahodha. Nyumbani kwake uji ulikuwa mwepesi, na yapo mengine ya msimu ule ambayo Lubaba hakuyasimulia hata uzeeni. Kila Ijumaa baada ya sala Zurara alisimama mlangoni pa mjane, akitoa salamu.

"Ummu Budail, baba yangu?"

"Bado."

Ikaja masika. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na nyumba mbili za kijiji zikaanguka. Asubuhi ya siku ya nne, mvua ingali yanyesha, Rumaitha akaja mwenyewe, matope hadi magotini.

"Siku tatu nimekaa nikisikiliza dari, nalo limesimama," alisema. "Mwanangu, neno lile ningeweza kulitamka tangu siku ya kwanza. Ulimi ungekubali. Sikutaka kusema mbele ya Mola wangu jambo ambalo moyo haujalisema. Nionyeshe kaburi la baba yako."

Wakaenda. Akasimama juu ya kaburi la Mihran, maji yakimtiririka usoni.

"Mihran, mti wangu umefika. Mwanangu hakufika. Nimekusamehe kwa ajili ya huyu wako." Kisha akamgeukia Zurara. "Nenda kale, mwanangu. Umekonda."

Zurara hakupata mashua nyingine hadi alipokufa. Wasimulizi hawakutaja hazina iliyofukuliwa wala tajiri aliyetokea, nami sitawaongezea. Alichokitaka alikipata pale kaburini, mvuani.

Ewe msikilizaji, chunguza kilicho chini ya chombo chako ungali na mikono ya kuking'oa. Mihran aliswali safu ya kwanza, na nyumba ya Rumaitha ilikuwa ya tano kutoka kwake. Alikuwa na miaka miwili mizima ya kuurudisha mti kabla ya ile mvua.