Uji wa Siwazuri

Uji uliomwagika nao ulipikwa. Mmeisikia methali hiyo leo mkacheka, mkadhani ni maneno ya jikoni. Haya, kaeni, na atakayecheka nikimaliza anifuate nje. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mwanamke wa Kizaramo, Siwazuri, mke mkubwa, mwenye binti mmoja tu, Mwatatu, wa miaka tisa. Mumewe akaoa mke wa pili, Chausiku, naye haukupita mwaka akajifungua mtoto wa kiume. Tangu siku hiyo mume hakuwa na habari nyingine. Wivu ukamkaa Siwazuri kooni, akawa halali, hali.

Mzazi akiwa ndani ya arobaini hupelekewa uji wa pilipili manga, na kwao kazi hiyo ni ya mke mkubwa. Lakini uji huo mzazi haunywi mpaka mwingine apige funda moja mbele yake, kuonyesha moyo mweupe. Siwazuri aliyajua hayo. Alitia sumu ya panya akakusudia kulowesha midomo tu.

Asubuhi hiyo Mwatatu alikuwa ameshatangulia kumwona mdogo wake. Chausiku, kwa mapenzi tu, akalipokea bakuli akampa yeye. "Leo aonje dada mtu," alisema.

Mtoto akaliinua. Siwazuri akalipiga lile bakuli kwa mkono wake mwenyewe, uji ukatapakaa sakafuni. Kuku aliyedonoa hakufika adhuhuri. Watu wakajaa, naye Siwazuri hakukana.

Mahakamani alishikilia neno moja: hakufa mtu, na uji aliumwaga mwenyewe. Hata wazee wa baraza walimwonea huruma. Jaji akavua miwani.

"Kama bakuli lingeshikwa na Chausiku, ungelimwaga?"

Siwazuri akafungua kinywa. Akamtazama Mwatatu, amekaa ubavuni mwa Chausiku, naye anangoja jibu kama wengine wote. Uongo ulikuwa karibu, jamani, neno moja tu. Hakuweza kulitamka mbele ya yale macho. Akainama.

Jaji akaeleza kwamba sheria haitazami kaburi peke yake. Hutazama ulikusudia nini, na mkono wako umeshaanza kutenda nini. Kujaribu kuua kwaweza kumfunga mtu maisha. Kwa kuwa aliumwaga, akampunguzia. Miaka kumi na miwili.

Miwili ya mwanzo aliimaliza kwa kuhesabu siku za wageni. Mwatatu hakuja. Alilelewa na Chausiku, akala kwake, akamwita mama. Mwaka wa tatu akaja, amerefuka, na kikapu cha mihogo. Siwazuri akaushika wavu uliowatenga kwa mikono miwili. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mwanawe amwone kuwa si muuaji.

"Mwanangu, ule uji niliumwaga. Hakuunywa mtu."

Mwatatu hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma mama yake.

"Uji uliomwagika nao ulipikwa, mama."

Akamkabidhi askari ile mihogo, akaenda zake. Miaka tisa iliyobaki Siwazuri aliangalia mlango wa kuingilia wageni kila siku yao, na siku ya kufunguliwa hakukuta mtu nje.

Naona hakuna anayecheka. Basi akija mtu kwenu kujitetea kwamba hakuna aliyeumia, msibishane naye. Mwambieni tu: uji uliomwagika nao ulipikwa.