Moto wa Kumtoa Teyu

Mtu mmoja alikuwa na baba mgonjwa na kuku wachache. Aliitwa Anselmo, na aliishi ng'ambo ya bahari kuu, katika mbuga za Amerika ya Kusini, ambako kiangazi hukausha nyasi zikawa kuni tupu. Baba yake, mzee Ovidio, alikuwa amepooza miguu. Kilichomtia nguvu ni yai la asubuhi, na Anselmo alimlisha kwa mkono wake mwenyewe.

Basi akazuka mjusi mkubwa kama kenge, wenyeji humwita teyu, akawa anaiba mayai. Anselmo akatega mitego, mjusi akaikwepa. Akamvizia kwa panga, mjusi akatokomea ndani ya kichuguu nyuma ya banda. Mzee akazidi kudhoofika, na chuki ya Anselmo ikazidi kunona. Ikafika mahali akawa anamwaza mjusi kuliko anavyomwaza baba, hata uji wa mzee ukapoa jikoni.

Watu wa kule wana desturi: wakati wa kiangazi hakuna awashaye moto nje mpaka majirani wote wakutane, wafyeke ukanda mpana kuzunguka nyumba zao. Siku ya kufyeka ilikuwa keshokutwa. Lakini kwa mwenye hasira, keshokutwa ni mwakani. Anselmo alishindilia nyasi kavu kwenye tundu la kichuguu, akaziwasha, akasimama na panga akingoja mjusi atolewe na moshi. Moyoni alijiambia kwamba anamfanyia baba.

Upepo ukageuka. Moto ukashika nyasi, ukala banda, ukapanda paa la nyumba. Jacira, mkewe, alikuwa mtoni. Alipofika mbio na ndoo, paa lilikuwa limeshaanguka juu ya kitanda cha mzee. Anselmo alikuwa amejaribu kuingia, moto ukamrudisha na mikono imebabuka. Alikuwa ameketi chini akilia kwa sauti, na majuto yalikuwa mjukuu.

Jacira akatua ndoo chini, akamwuliza, "Umempata?"

Kichuguu kilikuwa kimesimama vilevile, maana udongo hauungui, na mjusi alikuwa amejichimbia chini kabisa penye ubaridi.

Ndugu zangu, mwizi wako ni wa kweli, wala sikatai kwamba amekuibia. Ila kabla hujakoka moto wa kumtoa shimoni, umetazama ni nani amelala nyumbani mwako asiyeweza kukimbia?