Kanga ya Namkunda

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, kana kwamba mmelala na njaa? Paukwa tena! Haya, hapo sawa. Sogeeni motoni, na wewe unayekohoa usinikatize.

Zamani hizo, wanyama wa nyumbani walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, huko milimani kwenye baridi aliishi mjane mmoja, Bi Nakijwa. Alikuwa na mbwa aliyeitwa Tegemea, na paka aliyeitwa Mwasi, na binti mmoja, Namkunda. Nasema alikuwa naye, kwa maana binti alishaolewa akateremka bondeni kwa wavuvi wa kambare.

Desturi ya huko ilikuwa hivi: msichana akiolewa, humwachia mama yake kanga moja aliyoivaa. Haifuliwi, haivaliwi, mpaka mwenyewe arudi kuwatembelea wa kwao. Kanga ya Namkunda iliwekwa juu ya kigoda karibu na mlango, na pembeni mwa kigoda ndipo alipolala Tegemea. Kila jioni aliinua pua, akavuta harufu ya Namkunda, ndipo usingizi ukamjia. Alimkumbuka msichana yule mpaka hamu ya chakula ikamtoka.

Sasa, masika yalipokolea, mbuzi wa Bi Nakijwa alizaa akafa. Mwanambuzi akaletwa ndani, ameloa chapachapa, anatetemeka. Bi Nakijwa akatazama huku, akatazama kule, hakuona kitambaa kikavu. Akaivuta kanga ya Namkunda, akamviringishia.

"Mama, hiyo ina mwenyewe," Tegemea alisema.

"Najua," Bi Nakijwa akajibu. "Lakini mwenyewe leo hana baridi."

Basi siku ya kwanza mwanambuzi akatafuna pindo la kanga. Siku ya pili akaiburuta majivuni. Siku ya tatu, mniwie radhi wakubwa, akaikojolea. Bi Nakijwa akaipeleka mtoni, akaifua, akaianika. Jioni Tegemea akainua pua. Akavuta: jua. Akavuta tena: maji ya mto. Akavuta mara ya tatu: hakuna kitu. Alilia, sitawaficha, alilia kwa sauti mpaka Bi Nakijwa akamwuliza kama ameumwa na siafu.

Mwasi naye hakuwa na msiba wowote, ila mwanambuzi alikuwa amemkalia mahali pake pa joto karibu na mafiga. Akamnong'oneza mbwa kwamba mtoto yule ataimaliza nyumba nzima. Ampeleke tu msituni, fisi watajua la kufanya. Maneno yakamwingia Tegemea.

Kesho yake mchana akamwambia mwanambuzi watoke wakatembee. Mwanambuzi akafuata huku akirukaruka. Wakapita zizi, wakapita migomba, wakafika njia panda, hapo njia moja inapoingia msituni na nyingine kuteremka bondeni. Mwanambuzi akasimama.

"Tunakwenda kumpokea mwenye kanga?" akauliza.

"Nani kakuambia habari zake?"

"Hakuna. Ila ilipofuliwa ulilia, nikajua ina mtu anayependwa. Mimi mama yangu sikumwona. Nisimulie huyo wako."

Tegemea akaketi. Akamsimulia kwamba Namkunda akirudi na mzigo huutua kwanza ndipo asalimie, hata ukiwa unyoya. Kwamba huimba wimbo asioujua mwisho wake. Kwamba akimwita mbwa hapigi mluzi, hupiga paja: pa, pa, pa. Jua likainama, wakarudi nyumbani pamoja. Mwasi alipowaona wawili mlangoni akageukia ukuta.

Tangu hapo kila alasiri walikwenda njia panda, na kila alasiri mwanambuzi alisema, "Nisimulie tena." Masika yakaisha, mavuno yakaisha, pembe zikaanza kumchomoza.

Alasiri moja mwanamke akapanda kutoka bondeni na kikapu kichwani. Amenenepa, amevaa nguo ngeni, ananuka kambare na moshi wa jiko la watu wengine. Tegemea akasimama katikati ya njia, manyoya wima, akanguruma. Mwanamke akasita. Akatua kikapu kwanza.

"Tazama, ametua mzigo," mwanambuzi akasema.

Tegemea akazidi kunguruma. Mwanamke akapiga paja: pa, pa, pa.

Aliyetoka mbio wa kwanza ni mwanambuzi. Tegemea alikuja nyuma, kichwa chini, aibu imemjaa. Akaweka pua kiganjani mwa Namkunda, akaitafuta harufu ile, asiione. Hata kwa mwenyewe haikuwepo tena. Akabaki hapo, akiwa na hamu na mtu aliyesimama mbele yake.

"Umenisahau, Tegemea?"

"Pua yangu imekusahau," akajibu. "Huyu mdogo wangu ndiye aliyekukumbuka."

Namkunda akamtazama mbuzi asiyemjua hata kidogo, ambaye alikuwa ameshaanza kumtafuna pindo la nguo yake ngeni. Akacheka huku machozi yanamtoka.

Alikaa mpaka mwezi ulipoandama, kisha akarudi kwa mumewe, maana ndiko kwake sasa. Kigodani aliacha kanga nyingine aliyoivaa. Tegemea hakuinusa. Jioni ile alijilaza ubavuni mwa mbuzi, akafumba macho, akasema, "Leo nisimulie wewe."

Na hadithi yangu hapo ndipo ilipotua mzigo wake. Fukieni moto, mkalale.