Ng'ombe wa Nyamizi na Visu Viwili

"Tupa ipe ngozi, springi ipe mfupa." Ndivyo alivyosema kocha wenu jana alipompeleka pembeni yule mpiga chenga na kumrudisha nyuma yule mbishi asiyeogopa kuumia, nanyi mkabaki mnatazamana kama mmesomewa hukumu. Sasa mmekuja kuniuliza. Vizuri, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kaeni basi, maana maneno haya hayakuzaliwa uwanjani. Yalizaliwa harusini, mbele ya ng'ombe aliyechunwa, na chanzo chake kilikuwa hiki.

Huko Isenga, mji wa wahunzi na wachinjaji, palikuwa na binti aitwaye Nyamizi, mtoto wa Mzee Mlekwa mwenye bucha. Alikua akimsaidia baba yake penye gogo la kukatia nyama, na visu alivijua vyema. Mchumba wake alikuwa Kasanda, mhunzi kijana, hodari wa mikono na hodari zaidi wa maneno. Walipendana sana, na kila walipokutana waligombana juu ya chuma.

Kasanda alikuwa mtu wa tupa, ile ya kunolea majembe na misumeno. Aliokota tupa iliyokwisha meno, akaifua motoni, akaichovya, ikatoka kisu kikali hata cha kunyolea ndevu. "Hiki hakitaki kinoo mpaka mwezi mwingine uandame," alijigamba.

Nyamizi alikuwa mtu wa springi, yale mabamba ya chuma yanayobeba uzito chini ya lori. "Makali ya kisu chake huisha mapema, sikatai," alisema. "Lakini nikikipitisha kwenye kinoo kidogo tu, kimerudi. Tena kinagonga mfupa bila kulalamika. Chako kigumu mno, bwana, hakijui kupinda. Siku moja kitakuumbua."

Kuhusu visu vya dukani, vile ving'aavyo visivyoshika kutu, hapo tu ndipo waliposikilizana. Ukifika mbuzi wa pili vimegeuka vijiko. Mama yake Nyamizi alikuwa nacho kimoja cha kukatia vitunguu, na hata vitunguu vilikidharau.

Sasa, watu wa Isenga walikuwa na mila waliyoiita kufungua ng'ombe. Siku ya harusi, bwana harusi alifika ukweni na kisu kimoja alichokichagua mwenyewe. Kwa kisu hicho alichinja, akachuna, akakata nyama mpaka mwisho. Ngozi ikitoboka au kisu kikivunjika, harusi iliahirishwa mpaka mavuno mengine. Dada mkubwa wa Nyamizi aliwahi kuambiwa angoje mavuno. Mavuno yalipofika, mchumba alikuwa ameshaoa kwingine.

"Njoo na springi, Kasanda," Nyamizi alimsihi. "Sitaki kungojeshwa kama dada."

"Wewe jipambe tu," akajibu Kasanda akicheka. "Ng'ombe niachie mimi na tupa yangu."

Siku ikafika, wakwe wakakaa, Kasanda akaanza kazi. Jamani, kisu kile kilikwenda! Ngozi ilitoka kama shati linalovuliwa. Shangazi Mwashi, mshika mila asiyecheka na mtu, aliinyanyua ngozi juani akaitafutia tundu; hakuona hata moja. Vigelegele vikapasuka. Nyamizi, akiwa mkekani na hina yake mikononi, alikiri moyoni kwamba springi yake isingeiweza kazi ile. Pale tumboni, ngozi ilipo laini, ingetoboa tu. Akafurahi kwamba alikosea.

Ndipo Kasanda akafika kwenye nyonga. Mchinjaji angekitafuta kiungo kwa ncha, polepole. Lakini Kasanda alikuwa mhunzi, tena mhunzi aliyelewa vigelegele. Alikizamisha kisu ndani, akakibinua kwa nguvu zake zote. Ta! Nusu ikabaki nyongani, nusu mkononi.

Mzee Mlekwa akasimama taratibu, na ilionekana wazi kwamba hakupenda aliyotaka kuyasema. "Mwanangu, umechuna vizuri. Ila mila ni mila. Tutaonana mavuno."

Kasanda akainamisha kichwa. Nyamizi hakuinamisha. Uchungu ulimpanda, na nyuma ya uchungu ikaja hasira. Akainuka, akaingia buchani kwa baba yake, hapo kando, akatoka ameshika kisu chake cha springi.

"We Nyamizi!" akamaka Shangazi Mwashi. "Unakwenda wapi na hina mikononi?"

"Kumaliza kazi, shangazi."

"Mume mmoja, kisu kimoja! Hujui mila wewe?"

"Naijua. Kisu cha mume ni kimoja, naye amekileta. Ni wapi mila iliposema mke asiwe na chake?"

Nyamizi akamgeukia baba yake. "Baba, shikamoo. Pale buchani una visu vingapi?"

"Marahaba. Viwili."

"Vya nini vyote hivyo?"

"Kimoja cha ngozi, kingine cha mfupa. Mchinjaji gani asiyelijua hilo?"

"Basi bucha yako umeipa viwili, na nyumba yangu unaipa kimoja?"

Mzee Mlekwa akacheka mpaka kofia ikamwanguka, akakaa. "Endelea, mama. Endelea."

Nyamizi akajifunga kanga kiunoni, akaingia kazini. Kasanda alimshikia mguu wa ng'ombe naye Nyamizi akagonga, mfupa baada ya mfupa. Makali yalipofifia, ni Kasanda mwenyewe aliyekichukua kisu na kukinoa, yeye aliyekuwa akiitukana springi kila siku.

"Haya, sema," akanong'ona kwa aibu. "Sema ulinionya."

"Nilikuonya, lakini ningekufuata wewe au ungenifuata mimi, leo tungeaibika tu. Tupa ipe ngozi, springi ipe mfupa."

Alisema kwa sauti ya kusikika, na wazee wakayadaka maneno hayo papo hapo. Pilau ililiwa siku ileile. Tangu hapo, bibi harusi wa Isenga huja na kisu chake, na hakuna harusi iliyongoja mavuno kwa sababu ya chuma.

Kwa hiyo kocha wenu hakumdharau mtu. Nanyi mtakapooa, mtakapoolewa, mtakapogawana kazi yoyote ile, msikeshe mkibishana chuma kipi ndicho bora. Tazameni kwanza kilicho mbele yenu, halafu mpeane visu. Tupa ipe ngozi, springi ipe mfupa.